Mpaka Maji Yageuke

Idella Gadson alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwa amebatizwa. Hilo peke yake si jambo la kushangaza. Dunia imejaa watu ambao hawajabatizwa na usingizi wanaupata. Ila huyu Idella alikuwa amefundisha darasa la ubatizo kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa amekula mkate na kunywa kikombe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tangu akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Na Jumapili iliyokuwa inakuja, saa tano asubuhi, kanisa lake la Brunswick lilikuwa limepanga kumkalisha kwenye kiti cha Mama wa Kanisa, kile cha mbele chenye kitambaa cheupe, ambacho mwanamke akishakikalia haondoki mpaka atolewe kwa jeneza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Idella ilikuwa imetimiza miaka sitini na miwili na bado ilikuwa inaendelea.

Waliolijua jambo hilo walikuwa wawili tu, yeye na Vernice mdogo wake, mpaka Jumanne ile alipompigia simu Cornell, mtoto wa marehemu kaka yao, aliyekuwa mchungaji wa kanisa dogo kule Jacksonville.

"Jumamosi utanipeleka Sabina," alimwambia. "Utanibatiza pale Drum Landing, maji yakiwa yanatoka."

"Nikubatize tena, Shangazi?"

"Sijasema tena."

Upande wa pili wa simu kijana alisema sawa, ataangalia saa za maji. Idella alimpenda sana kwa kutouliza swali la pili. Wachungaji wengi wangeuliza hata la kumi.

Hayo ya maji kutoka hayakuwa madoido. Wagichi, wazao wa watumwa wa kisiwa cha Sabina alikozaliwa Idella, hawakuwahi kumtia mtu majini wakati maji yanajaa. Dhambi inaoshwa, inashikana na maji yanayopwa, inatoka nayo kwenye mdomo wa hori na kumezwa na bahari kuu, basi, imekwenda. Ukimzamisha mtu maji yakijaa, kilichomtoka kinamzunguka miguuni na kurudi naye nyumbani. Jambo hili halimo kwenye Biblia, na hakuna mzee wa Sabina aliyewahi kuona kwamba hilo ni kosa la wazee.

Feri ya Jumamosi iliondoka bara saa mbili na nusu asubuhi, imejaa watu wa matembezi na baiskeli zao, kofia pana na mafuta ya kuzuia jua. Baharia mmoja alisimama na kuwasomea masharti. Boti ya kurudi ni saa tisa kamili alasiri. Jumapili hakuna boti. Atakayechelewa atalala na mbu mpaka Jumatatu. Watu wakacheka. Idella hakucheka, kwa sababu alikuwa hajala tangu jana mchana, kama ilivyompasa anayekwenda majini, na njaa ya uzeeni haina utani.

Cornell alikuwa na simu mkononi. "Nimeshapanga yote," alisema. "Maji yanajaa mpaka saa saba kasoro dakika ishirini. Hapo yanageuka. Saa saba na robo tuko Landing, saa saba na nusu Shangazi ameshatoka majini, saa tisa tuko kwenye boti, kesho yuko kwenye kiti chake."

"Na mimi nitakuwa nimekula saa ngapi?" aliuliza Vernice, aliyekuwa amepakata kikapu cha kuku wa kukaanga na wali mwekundu kama mtu aliyepakata mtoto.

"Wewe utakula njia nzima, Shangazi Vernice. Tunakujua."

"Afadhali. Maana mimi nilishabatizwa, na tumbo langu lina ruhusa."

Vernice alikuwa na miaka sabini. Tangu Jumanne alikuwa akisema kwamba safari hii ni ya wendawazimu. Maji ni maji. Kanisa lao la Brunswick lina kisima cha kubatizia chenye vigae vya bluu na maji ya moto. Kwa nini dada yake asiingie humo usiku mmoja, mlango umefungwa, yeye na Mungu wakamalizana kimyakimya? Idella alikuwa amemjibu mara moja tu, kwamba amechoka na mambo ya kimyakimya.

Gatini walipokewa na binamu yao Ezell, mmoja wa watu thelathini na ushei waliobaki kisiwani, na ambaye bila jina lake kwenye karatasi kama mwenyeji wao wasingeruhusiwa kukanyaga. Pikapu yake ilikuwa na mlango mmoja. Wa pili, alisema, uliazimwa na upepo wa kimbunga na bado haujarudishwa.

"Na boti yako?" aliuliza Cornell.

"Imelala kifudifudi nyuma ya nyumba, ina tundu unaloweza kupitisha mbwa. Msinitegemee baharini. Nchi kavu niko vizuri."

Kwa kuwa muda ulikuwa mwingi, Ezell aliwapeleka kwanza ufukweni. Ilikuwa maili na maili ya mchanga bila nyumba, bila mwavuli, bila mtu, miti mikubwa tu iliyong'olewa na mawimbi imelala na mizizi yake myeupe juani, na njia pana ya kasa mmoja aliyepanda usiku kutaga na kurudi zake. Idella alikaa juu ya gogo. Hakuwa ameuona ufukwe huo tangu utoto, na aliona vibaya kwamba ulikuwa mzuri vile. Alikuwa amejiaminisha miaka yote kwamba kumbukumbu ndiyo iliyoupamba, ili asiuone kama kitu alichonyang'anywa.

Maana walinyang'anywa. Tajiri mmoja wa kaskazini alikuwa amenunua karibu kisiwa chote, akataka upande wa juu uwe msitu wa kuwindia paa, na vijiji vya huko vikawa vinamharibia mandhari. Alhamisi lilikuja lori na mtu mwenye karatasi. Watu wa Drum Landing wakaambiwa kufikia Jumamosi wawe wamehamia kusini, kwenye viwanja vya mchanga. Baba yao alisema yeye si banda la kuku la kuhamishwa kwa kuburutwa, akaipeleka familia yake bara moja kwa moja. Jumapili iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya ubatizo wa Idella. Alikuwa amemaliza wiki tatu za kutafuta, akienda peke yake msituni alfajiri kusali mpaka aoteshwe, na mwalimu wake, kikongwe aliyeitwa Bi. Tamar, alikuwa ameisikiliza ndoto yake na kusema imefika. Gauni jeupe lilikuwa limeshonwa. Mama yao baadaye alilifumua na kufanya foronya.

"Unafikiria foronya," alisema Vernice huku akitafuna paja la kuku.

"Nafikiria wewe unavyokula mbele ya mtu aliyefunga."

"Nakuonyesha njia ya kupita baadaye."

Saa saba kasoro dakika ishirini, Cornell aliyekuwa amesimama kwenye ukingo wa mawimbi na suruali yake ya kichungaji imekunjwa, alipunga mkono. Povu lilikuwa limeacha mstari na haliufikii tena. "Yamegeuka," aliita kwa furaha, na wote wakapanda pikapu.

Njia ya kwenda juu ilikuwa mchanga na madimbwi. Walipita magofu ya nyumba za watumwa, kuta nene za kombe za chaza na chokaa, ambazo mababu zao walizijenga kwa mikono kabla ya kufungiwa ndani yake. Ezell alipunguza mwendo pale, kama anavyofanya kila mtu wa Sabina, akavua kofia na kuirudisha.

Drum Landing palikuwa na vichaka tu. Kijiji kilikuwa kimekwisha kabisa, hata mawe ya msingi yalikuwa yamezama kwenye majani. Lakini hori lilikuwepo, ule mkono mpana wa bahari unaopinda nyuma ya kisiwa na kupita kwenye nyasi za matope, na pale penye ukingo wa mchanga mgumu palikuwa vilevile, mteremko mdogo unaoingia majini kama ngazi. Idella alishuka garini bila kusaidiwa. Alitembea mpaka kwenye maji, akasimama, akatazama.

Alitazama muda mrefu. Kisha aliokota kipande cha unyasi mkavu, akakitupa. Kile kipande kilielea, kikajizungusha, kikaanza safari kuelekea ndani, mbali na bahari, bila haraka.

"Cornell," alisema. "Njoo uone."

Kijana alikuja na kitabu chake mkononi. Alitupa unyasi wake mwenyewe. Nao ukaenda ndani.

"Haiwezekani," alisema. "Tumeona kwa macho yetu. Kule ufukweni yameshageuka."

Ezell alikuwa ameegemea pikapu akijipepea kwa kofia. "Kule ufukweni ndiyo. Kwani hizo saa ulizichukua za wapi?"

"Za Sabina. Zimeandikwa Sabina."

"Sabina ya mnara wa taa, mjomba. Ya mbele. Maji yakiacha kujaa kule bado yanakuja huku nyuma. Hori ni refu, lina mapindo manne. Landing hapa yanageuka masaa mawili mazima baadaye. Mimi nilidhani mnajua. Si mlisema ni watu wa hapa?"

Na hilo ndilo lililomuuma Idella kuliko yote. Kosa hilo mgeni wa baiskeli asingelifanya, kwa sababu mgeni hajali maji yanakwenda wapi. Ni kosa la Mgichi aliyekulia kwenye lami. Na yeye mwenyewe, mzaliwa wa Landing, aliambiwa saa saba na robo akaitikia, maana utotoni saa hazikuwepo. Watu wazima walikwenda kutazama maji, wakirudi na kusema twendeni, mnakwenda.

Hesabu haikuhitaji mchungaji. Maji yangegeuka karibu saa tisa kasoro robo. Kutoka Landing mpaka gatini ni dakika arobaini na tano kwa pikapu ya mlango mmoja. Feri ilikuwa inaondoka saa tisa. Kesho hakuna feri. Kiti kilikuwa saa tano asubuhi.

"Basi mzamishe sasa hivi," alisema Vernice. "Dakika tano. Tumekuja, tumeshalowa matope, hori ni lilelile. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Idella.

"Wewe umeishi na kubwa kuliko hilo."

"Ndiyo maana."

Cornell alikuwa amekunja uso kama mtoto aliyevunja sahani. "Shangazi, kwa Maandiko, ubatizo ni ubatizo. Maji yakienda huku au kule, neema haiangalii. Naweza kukubatiza sasa na nisione haya mbele ya mtu yeyote."

"Najua unaweza. Wewe ni mchungaji mzuri. Ila mimi sikuja kutafuta kinachoweza kupita. Kinachoweza kupita nilikuwa nacho Brunswick." Aliketi chini pale ukingoni, na gauni lake jeupe, akakunja miguu. "Nitangoja."

"Dada, na kiti?"

"Kiti kina miguu minne. Kitasimama chenyewe."

Vernice alitua kikapu. Uso wake ulikuwa umebadilika, na utani ulikuwa umemtoka wote. Alizunguka, akaenda hatua chache, akarudi, akasimama mbele ya dada yake kama mtu aliyeitwa shaurini.

"Haya. Niseme mimi basi, maana wewe hutasema," alisema. "Cornell, unajua nani aliyesema uongo? Si huyu. Ni mimi. Jumapili ya kwanza kule bara, mchungaji akauliza, hawa wasichana wawili wa kisiwani, wamebatizwa? Watoto wa mjini walikuwa wanatucheka, wanaiga tunavyoongea. Nikasimama, na miaka yangu minane. Nikasema, dada yangu amebatizwa. Drum Landing. Nimeona kwa macho yangu. Nikaeleza mpaka ndege waliopita." Alikisukuma kikapu kwa mguu. "Nilitaka tu mmoja wetu awe kitu. Na toka siku ile namwambia yeye anyamaze, anyamaze, kwa sababu akisema yeye nitajulikana mimi."

Kwamba ni yeye aliyeanza halikuwahi kusemwa kwa sauti, hata kati yao wawili jikoni. Idella alisikia joto likimpanda shingoni, akajishangaa kuona ni hasira, hasira kuukuu iliyokuwa imekaa humo ikimngoja.

"Ulisema mara moja, Vernice," alisema mwishowe. "Mimi nimenyamaza miaka yote. Usijipe sifa zangu."

Ezell alikohoa na kwenda kukagua tairi ambalo halikuwa na kasoro.

Maji yaliendelea kuja. Cornell aliketi karibu na shangazi yake, akafungua kitabu, akakifunga. Kisha akasema polepole kwamba baba yake alikuwa amemfundisha swali, lile ambalo wazee wa Landing walimuuliza kila mtafutaji kabla ya kumtia majini, nalo halimo kwenye kitabu chochote. Aliogopa kuliuliza, lakini kama wanafanya kama zamani, basi wafanye.

"Uliza," alisema Idella.

"Umemalizana na watu?"

Idella alifungua kinywa. Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa hana deni la mtu, hana ugomvi na jirani. Akawaona akilini watoto wa darasa lake, miaka ishirini na sita ya watoto, wamevaa meupe, wanamtazama yeye.

"Simu inashika wapi hapa?" alimuuliza Ezell.

"Juu ya kilima cha kombe tu. Ukisimama na kuielekeza bara."

Kilima hicho kilikuwa rundo la chaza zilizoliwa na watu waliokikalia kisiwa kabla ya Mzungu na kabla ya mtumwa, rundo refu kuliko nyumba, limeota mierezi. Kombe ziliporomoka chini ya viatu vyake. Alipanda kwa mikono na magoti, gauni jeupe na yote, na Cornell alipotaka kumshika alimwambia akae hukohuko. Juu alisimama, akasubiri pumzi irudi, akampigia Lavinia Stiles, mkuu wa mashemasi wanawake, ambaye wakati huo alikuwa kanisani akipanga maua ya kesho.

Chini walimsikia nusu ya mazungumzo. "Lavinia, weka hayo maua chini ukae. Kaa kwanza. Sikubatizwa." Kimya. "Hapana, si kwamba nimesahau. Sikubatizwa kamwe. Nimewadanganya, na meza ya Bwana nimeila." Kimya kirefu zaidi. "Najua. Najua nilikufundisha mimi."

Lavinia hakupiga kelele, na Idella angeona nafuu kama angepiga. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Wewe ndiye uliyenishika bega nikitetemeka, ukaniambia nisiogope, hata wewe ulipita hapo." Halafu akasema hajui atawaambia nini watu.

"Waambie hivyohivyo nilivyokuambia," alisema Idella. "Na kitini mweke mtu mwingine." Lavinia hakuuliza atarudi lini. Simu ilikatika, na haikuwa kwa sababu ya mtandao.

Idella alilia pale juu, kwa uchungu wa kweli, kwa sababu alikitaka kile kiti. Tusimfanye malaika. Alikuwa ameshanunua kofia. Alilia mpaka akamaliza, akajifuta kwa kiganja, akateremka kwa makalio, kombe zikimkwaruza.

Saa nane na robo Ezell alitazama saa yake na kuwasha pikapu. "Anayetaka boti ndio sasa," alisema. "Nikiondoka baada ya hapa nitakuwa nawadanganya."

Cornell alitikisa kichwa. Wazee wa Jacksonville wangemtafuna akikosekana mimbarini kesho, alisema, lakini kosa la saa lilikuwa lake, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alikuwa ameshavua viatu na soksi.

Vernice alichukua kikapu chake, akapanda kwenye kiti cha mbele upande usio na mlango, akatazama mbele. Kesho alikuwa na kwaya. Alikuwa na paka. Pikapu ikaenda hatua ishirini, ikasimama. Aliteremka, akarudi kwa miguu, amekasirika.

"Taulo mmeleta?" aliuliza. "Hamkuleta. Wawili wenu, mmoja mchungaji na mmoja mwalimu, na hakuna aliyeleta taulo. Nani sasa atamkausha huyu?" Alivua sweta lake na kulitandika juu ya kichaka, tayari.

Ezell alizima injini, akawaambia nyumbani kwake kuna vitanda viwili na kochi, na mbu hawahesabiki. Kisha wakangoja wote wanne. Idella hakuyaondolea maji macho. Yalipanda mpaka kwenye mizizi ya nyasi, yakapanda kidogo tena, halafu yakasimama. Hori lote likatulia. Samaki mmoja aliruka, na mawimbi yake ya mviringo yakabaki palepale bila kwenda popote. Idella alitupa kipande cha unyasi. Kikakaa. Akatupa kingine baada ya dakika kumi. Kikakaa, kikafikiri, kikaanza kuondoka taratibu kuelekea baharini.

"Haya," alisema.

Zamani ni Mama wa Kanisa aliyemshika mtafutaji mkono na kumteremsha majini, kwa sababu matope ya Landing yanateleza na msichana mwenye hofu huanguka. Siku hiyo hakuwepo. Cornell alitangulia, maji yakamfika kiunoni, akageuka kungoja. Idella aliingia peke yake, hatua ndogondogo, mikono imenyooka kama anayetembea juu ya ukuta, maji ya baridi yakimpanda magotini, mapajani, tumboni penye njaa. Aliteleza mara moja. Hakuanguka.

"Umemalizana na watu?" aliuliza Cornell.

"Nimemalizana."

Alimzamisha. Chini palikuwa na rangi ya chai, na Idella alisikia nguvu ya maji ikimvuta nguo na miguu kwenda upande mmoja tu, ule wa baharini, nguvu isiyo na shaka. Alipotoka juu alikohoa, alitema, akashika mikono ya kijana ili asichukuliwe. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu ana miaka kumi na miwili hakikuwemo. Alikitafuta, kama unavyotafuta kwa ulimi jino lililong'olewa, na hakikuwemo. Hakuimba wala hakupiga kelele. Alisimama tu kwenye maji yanayoondoka, akipumua.

Kusini, mbali sana, feri ilipiga honi ya kuondoka.

Ukingoni Vernice alikuwa amelishika sweta kwa mikono miwili. Ghafla alilitupa chini. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaanza kukunja soksi zake moja ndani ya nyingine, kwa uangalifu kama mtu anayekwenda kulala.

"Cornell," aliita. "Bado yanatoka?"

"Yanatoka mpaka usiku. Lakini Shangazi Vernice, wewe ulishabatizwa. Sisi hatubatizi mtu mara mbili."

"Nani kasema kubatizwa? Mimi nilizamishwa kwenye kisima cha vigae, ndani ya nyumba, na tundu lake limezibwa. Chochote kilichonitoka nilikioga tena palepale. Sogea huko." Alitia mguu majini, akaurudisha, akautia tena. Hakujua kuogelea, na tangu utoto aliogopa matope.

Idella alimwacha Cornell kule kwenye kina, akarudi akiusukuma mkondo kwa mapaja yake, mpaka alipofika pale penye utelezi. Akanyoosha mkono.

"Shika hapa. Usitazame chini. Kanyaga ninapokanyaga mimi."

Vernice aliushika kwa mikono yake yote miwili. Walikwenda hatua tatu, nne, maji yakawafika mapajani, na gauni la rangi la mdogo likaelea pembeni mwa lile jeupe. Hapo Idella alisimama, kwa sababu ilikuwa zamu yake sasa kuuliza.

"Umemalizana na watu?"

Vernice alimtazama. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Bado mmoja," alisema. "Ndiye huyu aliyenishika."

Idella alimvuta karibu. Mkondo ulikuwa umeshapata nguvu na ulikuwa ukiwasukuma wote wawili miguuni.

"Twende basi," alisema. "Maji hayangoji."